Cherehani Iliyobeba Ndoo

"Nani kakutuma kuuliza hilo swali?" Mkurugenzi wa shirika la misaada alifoka, akaipiga meza kwa rundo la fomu mpaka chai ikaruka.

"Nimejituma mwenyewe, bosi," mhoji wake akajibu. "Nyumba zote arobaini nimeuliza: umeshona nini wiki hii?"

"Swali letu moja tu! Cherehani unayo, huna? Wanayo. Basi, wamejikwamua. Futa huo utumbo wako!"

Mhoji hakufuta kitu. Alikuwa amezunguka vichochoro mpaka soli zikaisha, na jibu lilikuwa lilelile: hakuna kilichoshonwa. Shirika liligawa cherehani za umeme kwenye nyumba ambazo hata waya wa umeme hazina. Ya dada yake ilikuwa jikoni, imebeba ndoo ya maji. Na dada alipokuja hapahapa kulalamika, huyuhuyu bwana alimwita mvivu mbele ya foleni nzima, watu wakaangua kicheko. Mpaka leo akipita dukani anainamisha kichwa. Mhoji alilimeza lile neno, ila halikushuka.

"Dada yangu mmemweka ukurasa wa kwanza wa ripoti, eti anajitegemea. Mtoe. Na umwombe radhi mbele za watu, kama ulivyomtukana."

"Radhi ya nini? Si aliweka kidole kwenye fomu mwenyewe?"

"Aliwekea kupokea, bosi. Hakuwekea kushona."

Mkurugenzi akacheka puani. "Kijana, wafadhili sasa hivi wako kwenye gari, wanakwenda kwa yule fundi wa barabara kuu. Watasikia cherehani inanguruma, watapiga picha, wataondoka. Wewe baki na swali lako."

"Yule fundi sisi hatujampa hata sindano."

"Nani atawaambia?"

"Dereva wao mgeni. Asubuhi kaniuliza njia."

Kicheko kikakatika. "Ukamwelekeza wapi?"

"Si ndiyo kazi yangu? Nyumba hizi nazijua mimi, wewe hujakanyaga hata moja. Nimemwelekeza kwa dada. Na dada nimemwambia ndoo asiitoe. Swali nimewaandikia kwenye karatasi, wamuulize wenyewe."

Simu ya mkurugenzi ikaanza kulia mezani. Akaitazama kama nyoka.

"Mdogo wangu," sauti ikalainika ghafla, "hebu kaa kwanza tuyazungumze."

"Pokea, bosi. Leo zamu yako kuhojiwa."

Akamwekea kalamu juu ya fomu, taratibu kabisa, akatoka, akaufunga mlango. Simu bado inalia.