Mikono ya Mwashi, Kisigino cha Robo

Mimi si mtu wa kubembelezana. Miaka ishirini na mmoja nimewatoa wazazi nje kabla ya kuwachoma sindano watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya siku zao, na hakuna aliyenibishia. Mzazi akiona damu ya mwanawe anaanguka, halafu nina wagonjwa wawili. Muuguzi mwenzangu humkunja mtoto, mimi nachoma. Ndio utaratibu.

Siku hiyo mwenzangu alikuwa anaumwa, na wa kutolewa damu alikuwa Robo. Tulimpa jina hilo kwa kuwa alizaliwa na kilo moja na robo. Mara mbili tulipomchoma kisigino alisahau kupumua. Daktari alishasema: ya tatu, anarudi kwenye mashine ya kupumulia. Tulihangaika wiki nzima kumtoa huko.

Maji yalinifika shingoni. Mama mtu alikuwa bado kalazwa na mshono wake ghorofa ya juu. Mlangoni alisimama baba, fundi mwashi.

"Nawa mpaka kwenye viwiko, uje unisaidie."

Akanionyesha viganja. "Sista, mikono hii ni msasa. Nitamchubua."

"Utamchubua ukimpapasa. Wewe tofali ukishaliweka, unalipapasa?"

"Hapana. Nalishika litulie mpaka saruji ishike."

"Basi kazi unaijua."

Mkono mmoja akauweka kichwani, wa pili ukamkunja miguu kuelekea tumboni, kama alivyokaa kwa mama yake. Kisigino kimoja tu kikabaki nje. Nikamdondoshea Robo matone ya maziwa ya mama ulimini, nikasubiri amumunye. Kisha nikachoma.

Akakunja uso. Namba za oksijeni kwenye skrini zikaanza kushuka, tisini, themanini na nane. Baba hakutikisika. Jasho lilimfika kidevuni, akaliacha. Themanini na saba. Themanini na saba tena. Tisini na moja. Nikajaza kichupa changu, nikabana pamba.

Niliona aibu, sitaficha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nami miaka yote hiyo nilikuwa nawafungia mlango walewale wanaoujua.

"Tumemaliza, baba. Sasa unaweza kumwachia."

Hakuinua hata macho.

"Bado, sista," akasema. "Saruji haijashika."

Nikamsogezea kiti.