Sahani ya Pembeni ya Bi Zuleha

Hivi wewe, ukitengewa sahani yako peke yako, tena kwa mapenzi, utamlalamikia nani?

Bi Zuleha wa Ujiji hakumlalamikia mtu. Tangu aambiwe ana saratani ya titi, bintiye Ashura alimpikia mbali: mchicha bila ugali, chai bila sukari. Wenzake walizunguka sinia, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kwa mawese. Yeye karibu na mlango wa uani, na kibakuli chake cha bluu chenye ufa. Kanga iliyokuwa ikimzunguka mara moja, sasa ilimzunguka karibu mara mbili.

Mjukuu wake Ummy, binti wa Ashura, anayefanya kazi maabara Dar es Salaam, alipokuja likizo alikitazama kile kibakuli.

"Mama, nani kasema bibi ale hivi?"

"Sokoni Mwanga wanasema sukari inailisha saratani. Niilishe kwa mikono yangu?"

Ummy akakaa chini. "Ni kweli seli za saratani zina uchu wa sukari. Lakini sikilizeni. Kila seli ina jiko lake, na maagizo yanakwenda kwa mpishi kwenye vikaratasi. Kuna vitu vidogo mno, tunaviita RNA ndogo, vinavichana vikaratasi visivyotakiwa. Kwenye saratani, baadhi ya wachanaji hao hupungua. Basi maagizo ya 'fungua mlango, ingiza sukari' yanapita tu."

"Kama jirani yetu Scola akisimamia jiko la harusi," Bi Zuleha akadakia. "Akienda msalani tu, kila mtu anajipakulia pilau!"

Wakacheka.

"Ndiyo hivyo, bibi. Sasa kikombe chako cha chai bila sukari hakiwezi kumrudisha Scola jikoni. Ukiacha kula, mwili unatengeneza sukari kwa kujitafuna nyama yake. Unayekonda ni wewe. Kisukari huna, na kliniki walisemaje?"

"Nile nishibe, nisipungue kabla ya dawa," akasema Bi Zuleha taratibu.

Ashura akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nilikuwa naogopa, mama." Akavuta kopo la sukari. "Nikutilie vijiko vingapi?"

Bi Zuleha akakisukuma kibakuli cha bluu hadi ukutani.

"Sukari hata sikuililia, mwanangu. Nilitaka kula sinia moja na nyie."