Meza Isiyong'aa

Mama Randa alikuwa ameinama juu ya meza ndefu ya maktaba ya shule, anafuta mafuta aliyoyapaka nusu saa iliyopita, afisa ugavi alipoingia bila hata hodi.

"Unafanya nini wewe?"

"Nafuta, bosi. Huu mpako wa tano, ndio wa mwisho."

"Unapaka, halafu unafuta?" Afisa akamgeukia mwalimu wa maktaba kama mtu aliyekamata mwizi. "Mwalimu, unaona? Mafuta ya serikali yanaondoka na matambara!"

Matambara yenyewe yalikuwa nje, yametandazwa moja moja juu ya waya, maana yakirundikwa na mafuta hayo hupata joto yenyewe hadi yakawaka moto. Afisa alikwisha kuuliza kama shule imefungua udobi.

Mama Randa hakukasirika. Kwa miaka thelathini na mmoja ya useremala, maafisa wa aina hiyo alikuwa amewaona wakija, wakifoka, wakistaafu.

"Haya ni mafuta ya tung, baba. Yanakamuliwa kwenye kokwa za mti wa jina hilo. Mbao hunywa inachotaka, kinachobaki juu unafuta. Ukikiacha hakikauki, kinanata."

"Mbona haing'ai?"

"Ya mwaka jana ilikuwa inang'aa."

Mwalimu akaziba mdomo kwa daftari. Miaka mitatu mfululizo meza ile ilipakwa vanishi ya kung'aa, na miaka mitatu mfululizo vanishi ikabanduka, watoto wakawa wanaichokonoa kwa kucha. Kila ilipobanduka, ofisi ya ugavi ilitangaza kazi upya. Hakuna aliyewahi kuulizwa.

Afisa akachomoa fomu ya kupokea kazi. Sehemu ya umaliziaji ilikuwa na swali moja tu: Je, inang'aa? Bila saini yake, Mama Randa asingepewa viti vinane vya chumba hicho, kazi ya kumfikisha mwisho wa mwaka. Alivitaka viti vile, tena alivitaka sana. Mbao zake alikwisha kuzichagua kwa macho.

"Acha mafuta juu, yang'ae. Alhamisi nakuja kusaini."

"Hii ya watoto siiharibu," akasema. "Lakini ukitaka kuona, nitakupakia ile meza ndogo ya mlangoni, nisifute hata tone. Alhamisi utachagua mwenyewe."

"Sasa ndiyo unaongea!"

Alhamisi asubuhi meza ndogo ilimetameta kama kioo. Afisa akaichekea toka mlangoni. "Hii ndiyo kazi!" Akatandaza fomu juu yake, akaegemea kiwiko, akafungua kalamu.

"Bosi, nilikwambia inanata," Mama Randa akasema.

Fomu haikusogea. Alipoivuta ikachanika katikati, na alipoinuka, mkono wa shati ukagoma kumfuata. Mwalimu safari hii hakuziba mdomo.

Mama Randa akamwaga maji juu ya meza ndefu, kikombe kizima. Yakajikusanya matone matone, akayapangusa kwa kiganja, mbao ikabaki kavu.

"Sasa chagua."

Afisa alitazama meza, akatazama shati. "Fomu ilikuwa hiyo hiyo moja. Mpya inatoka makao makuu. Mwezi, au miezi miwili. Na kabla ya saini, meza haitumiki!" Akatoka akiwa ameushika mkono wake kama umevunjika. Viti vinane vikaondoka naye.

Ilimuuma, asidanganye mtu. Akapitisha kiganja juu ya mbao aliyoipiga msasa mwenyewe, laini, haina hata alama ya kucha. Kazi ilikuwa nzuri. Hilo halikuhitaji muhuri.

"Wiki mbili hizi msiweke kikombe cha moto," akamwambia mwalimu.

"Si amesema isitumike?"

"Ameandika wapi?"

Mwalimu akatazama vipande vya fomu vilivyoganda juu ya meza ndogo. Kisha akaenda kuufungua mlango, akawaita watoto, waje na vitabu vyao.