Waridi ya Chupa

Niliingiza pua kwa chupa, nikavuta pumzi, nikapata kile kile cha kila siku. Choo.

"Sema," Wanjira akasema nyuma yangu.

Hiyo ilikuwa 2008, Kitengela, kwa nyumba ambayo zamani ilikuwa ya kutotoa vifaranga. Mashine ya mayai ndiyo ilikuwa inapasha bakteria zetu joto. Daktari Wanjira alikuwa amezipandikiza jeni za waridi ili zitengeneze marashi. Maua ya mashamba ya huku ni ya macho tu. Yamezalishwa yavumilie safari ya ndege kwenda ng'ambo, harufu ikaachwa njiani. Yeye alitaka kuirudisha. Shida ni kwamba homa moja mbaya ilimuulia pua. Hata kitunguu kikiungua hakuwa anasikia. Ndiyo akaajiri pua yangu, mimi Opiyo, niliyeacha chuo mwaka wa tatu na sayansi nusu, utani mzima.

Kila asubuhi aliuliza, na kila asubuhi nilimpa kitu. "Leo ni mutura ya matumbo, Daktari." "Leo ni soksi ya konda." Alikuwa anacheka mpaka anashika meza. Bakteria zilikuwa zimekataa miaka miwili. Tulichoka mpaka uchovu ukatuzoea, ukawa kama mpangaji.

Siku hizi nauza dawa za ng'ombe mjini Bisil, na watu bado wanaanza kucheka kabla sijamaliza kusema.

Asubuhi hiyo wafadhili walikuwa wanakuja kunusa chupa mpya, ambayo Daktari aliamini safari hii imekubali. Wakikosa harufu, wanafunga maabara.

"Opiyo. Iko?"

Alikuwa amevaa blauzi ya kanisa, imepigwa pasi mpaka mikono.

"Hakuna, Daktari. Ni choo tu."

Akacheka. Alicheka vizuri kuliko siku zote, akanipiga bega. "Wewe, hata leo?"

"Daktari, sikuchezei. Hakuna waridi hapa."

Ndipo akazidi, akijipangusa machozi. "Enda ufungulie wageni geti, mjinga wewe."

Walikuja watatu. Wanjira akawainulia chupa kwa mikono miwili, vile mtu anampa mgeni mtoto ambebe. Mama mmoja aliinama kwanza. Aliponyanyua kichwa alikuwa amebana pumzi, na heshima yote ya kanisa usoni.

"Tutawapigia," akasema.

Wanjira hakuwa anamwangalia. Alikuwa ananiangalia mimi, tabasamu bado iko, akingoja nimwambie ilikuwa mchezo.