Ardis na Tangi la Choo

Jumatano asubuhi Ardis Tvedt alikanyaga pedali ya choo, akachungulia chini, na kilichopaswa kushuka hakikushuka. Akakanyaga tena. Maji yalizunguka, yakapanda badala ya kwenda zao, yakasimama vidole viwili tu chini ya ukingo. Ardis alikuwa na miaka sitini na minane, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliitumia kupika chakula cha shule huko Minnesota. Si mtu wa kutishwa na uchafu. Lakini asubuhi hiyo alitishika, maana Ijumaa mchana binti yao Janelle alikuwa anafika kwa ndege.

Na Janelle hakuwa anakuja kutembea. Tangu baba yake, Wendell, apasuliwe moyo mwezi wa Novemba na kukatazwa kuinama, kuinua wala kuvuta chochote mpaka Machi, maneno ya kwenye simu yalikuwa yaleyale: liuzeni hilo tela, hiyo nyumba ya magurudumu, rudini Minnesota, kuna nyumba nzuri za wazee hatua chache toka kwangu. Ardis akakataa katakata. Mwishowe wakapatana. Mama apewe nafasi ya kufanya kazi zote za tela mwenyewe, kisha Janelle aje kumuuliza baba yake swali moja tu: mama anaweza au hawezi? Wendell hajawahi kumdanganya binti yake tangu azaliwe. Atakalosema ndilo litakalokuwa.

Kwa miaka kumi na minne mume na mke hawa waliikimbia theluji ya kwao kila Novemba, wakaja kukaa kusini kabisa mwa Texas, kwenye kambi ya matela iliyozungukwa na mashamba ya machungwa. Na miaka yote hiyo kazi ziligawanywa kama zinavyogawanywa karibu kila tela pale kambini: za ndani kwa mke, za nje kwa mume. Ardis hakuwahi kuugusa mpira wa maji taka. Pikapu ikishafungwa tela nyuma, hakuwahi kukaa nyuma ya usukani. Baada ya operesheni alijifunga kibwebwe akazichukua zote, za ndani na za nje, na hakuna aliyemsikia akilalamika.

Alitoka nje na kandambili. Wendell alikuwa palepale anaposhinda siku hizi, kwenye kiti cha kukunja chini ya turubai, amekumbatia mto ule waliompa hospitali aukandamize kifuani akitaka kukohoa.

"Choo kimejaa," Ardis alisema.

"Kimejaa?"

"Kimejaa, na sielewi. Mpira uko mahali pake, vali iko wazi, kila kitu kinajitokea chenyewe."

Wendell akakohoa, akaubana mto. Aliyejibu ni jirani yao, Royce Hatcher wa Oklahoma, aliyekuwa anamwagilia kitu ambacho hakikuhitaji maji.

"Samahani, jirani. Umesema vali iko nini?"

"Wazi."

"Ya tangi la choo? Tangu lini?"

"Tangu Wendell atoke hospitali. Wiki saba. Sasa kwa nini niulaze uchafu ndani ya nyumba, chini ya kitanda changu, wakati unaweza kwenda zake?"

Royce akavua kofia kama mtu aliyefika msibani. "Ardis, dada yangu," alisema, "umejijengea piramidi."

Kosa hili, hapo kambini, kila mtu analijua, na wengi wamelijua kwa kulifanya. Tangi la choo hufungwa kwa vali yake, likaachwa lijae, ndipo linafunguliwa, na yale maji mengi huondoka na kila kitu kwa kishindo. Ukiliacha wazi, maji hutangulia peke yake. Karatasi na yale mengine hubaki nyuma, yanarundikana chini ya bomba la choo siku baada ya siku, yanakauka, yanakuwa kichuguu. Mwanamke msafi kuliko wote kambini, aliyekuwa anasugua hadi ngazi za tela, alikuwa amejenga kichuguu kikubwa kuliko vyote.

Habari ya choo haihitaji gari la matangazo. Haikupita robo saa, wanaume watano walikuwa wamekuja, wawili na viti vyao. Mmoja alisema tangi litiwe barafu. Mwingine alisema barafu ni upuuzi, dawa. Wa tatu alikuwa amebeba nondo.

"Nondo hiyo ikitoboa tangi langu utalala humo ndani wewe," Ardis alimwambia.

"Basi mpigie mwenye lori la kunyonya."

"Nimeshampigia. Anakuja Jumanne."

"Jumanne si mbali," Royce alisema kwa upole. "Na kama imekuwa mzigo, mama, ndugu yangu bado anataka kulinunua hilo tela. Hata na piramidi yake."

Ardis alimgeukia mumewe. Mtu huyu walimwita Profesa wa Choo. Kila mwanzo wa msimu aliwakusanya wageni ukumbini, akawachorea tangi ubaoni, akawaonya juu ya piramidi kwa sauti ya mhubiri. Leo piramidi imejengwa mlangoni kwake, na profesa anatazama viatu vyake. Amenionea haya, Ardis aliwaza, na likamchoma. Lingemchoma kidogo kama angemtukana.

Akapiga moyo konde.

"Nisikilizeni," alisema. "Nimepikia watoto mia nne uji wa shayiri kila Jumatatu. Uji ukigandia kwenye sufuria ya lita sitini huukwangui. Ukikwangua unaharibu sufuria. Unaufunika kwa maji ya moto na sabuni, unauacha ulainike wenyewe. Halafu unaitikisa."

"Tangi utalitikisaje?" aliuliza mwenye nondo. "Liko chini ya tela."

"Basi nitalitikisa tela."

Hapo ndipo walipocheka. Wendell hakucheka. Aliinua uso akamtazama mkewe, na kama Ardis hangekuwa tayari ameenda kutafuta ndoo, angeona kwamba mtu yule ameingiwa na hofu.

Alifunga vali. Akaazima sufuria kubwa la kuchemshia kamba wa baharini, akawasha gesi nje, akaanza kubeba. Ndoo ya kwanza choo kiliikataa. Alikaa ukingoni mwa bafu akaisubiri dakika arobaini, mpaka maji yakaanza kuzama taratibu, kama yanaona aibu. Ndoo ya pili ilichukua nusu saa. Ya sita ilishuka yenyewe. Kufikia alasiri alikuwa amebeba ndoo ishirini na mbili pamoja na nusu chupa ya sabuni ya vyombo, na magoti yalikuwa yanamlilia. Wendell akawa anaenda choo cha kambi na fimbo yake, taratibu, akirudi anasema, "Pumzika, Ardis." Hilo tu. Hakuna ushauri, hakuna mchoro.

Alhamisi baada ya kifungua kinywa alifungua kijitabu cha tela, akakisoma ukurasa kwa ukurasa kama mapishi mapya, kisha akarudisha pikapu nyuma mpaka ndoano ikakaa chini ya shingo ya tela. Alihitaji majaribio saba. Akafunga minyororo, akachomeka waya wa taa, akamwomba Royce amwambie kama taa za breki zinawaka. Zikawaka.

"Nakuja nawe," Wendell alisema, na alikuwa amesimama.

"Huji. Ninaenda kufunga breki kwa nguvu, makusudi. Kifua chako hakijafunga."

"Hujawahi kulivuta, Ardis."

"Ndiyo maana nalivuta leo."

Kwenye barabara ya mashambani alitamani kusimama. Tela lilikuwa zito nyuma yake, lenye akili zake, likimsukuma kila alipopunguza mwendo. Barabara ilikuwa tupu, michungwa huku na huku. Akafika kilomita hamsini kwa saa, akakanyaga breki. Nyuma ya mgongo wake, chini kabisa, kitu kikapiga kwa uzito: bwah!

"Eeh!" Ardis aliiambia piramidi. "Umesikia, sivyo? Bado."

Akaenda tena, akafunga tena. Bwah! Alikata kona za mashamba kulia na kushoto, akazunguka mzunguko mzima wa kilomita kumi na mbili, na kufikia wa pili alikuwa anamtukana yule aliyeko ndani ya tangi kwa maneno ambayo watoto wa shule hawakuwahi kuyasikia kutoka kwake. Kwenye mzunguko wa tatu alitambua kwamba anafurahi.

Kurudi kambini ndiko kulikokuwa na mtihani. Kurudisha tela kinyumenyume kwenye sakafu yake ya zege ni jambo lililovunja amani ya ndoa nyingi pale, na watu hutoka kutazama kama mpira wa miguu. Walitoka. Royce akasimama nyuma akipunga mikono yote miwili pande zote mbili.

"Royce! Simama nikuone kwenye kioo, au kakae chini!"

Mara ya kwanza alielekea kwenye nguzo ya umeme. Mara ya pili tela lilikaa upande kama ng'ombe aliyekataa josho. Akatoka, akalizunguka kwa miguu, akapima kwa macho, akarudi ndani. Mara ya tatu liliingia. Watu wakapiga makofi, mmoja akapiga honi, na Wendell, aliyekuwa amesimama muda wote huo akiubana mto, akakaa chini ghafla.

Akaliacha tangi liloweke tena mpaka kesho yake.

Ijumaa asubuhi alivaa glavu, akafunga mpira, na mwanzoni mwa mpira akaweka kile kiungo cha plastiki angavu kinachoonyesha kinachopita. Wanaume walikuwa wameshakaa. Ardis akavuta mkono wa vali.

Kwanza yalikuja maji ya rangi ya chai. Kisha hakikuja kitu. Ardis akajiona tayari katika nyumba ya wazee, anasubiri chakula kilichopikwa na mwingine. Ndipo tangi likaguna, mpira ukaruka kama nyoka, na piramidi ikapita, vipande kwa vipande, kwa kishindo, mbele ya mashahidi. Mwenye nondo akasimama kwa heshima. Ardis akafunga vali, akajaza maji, akafungua. Akafunga, akajaza, akafungua. Mara ya tano yaliyopita kwenye kiungo yalikuwa maji tu.

"Safi!" Royce alipiga kelele. "Haki ya Mungu ningeyaogea! Lakini Wendell, mzee mwenzangu, niambie. Wiki saba umekaa kwenye kiti hicho. Mkono wa vali uko mbele ya pua yako. Hukuona uko wazi?"

Alisema kwa utani. Wendell hakucheka, na Ardis aliyekuwa ameinama akainuka taratibu.

"Wendell?"

"Niliona," alisema. "Siku ya pili tu."

Ghafla wanaume wote wakakumbuka shughuli zao. Viti vikakunjwa.

"Uliona," Ardis alisema. "Ukajitia hamnazo. Wiki saba ukaniacha nalala juu ya mlima wa mavi."

"Nilitaka ushindwe." Aliubana mto ingawa hakuwa anakohoa. "Sikuwa na ujasiri wa kusema turudi. Nikaona choo kitasema badala yangu. Ardis, kila nikifumba macho nafikiria jambo moja. Nikianguka hapa, utabaki kilomita elfu mbili na mia nne kutoka kwa watoto, peke yako, na kitu usichoweza hata kukisogeza."

"Nimekisogeza jana."

"Nilikuona."

"Ungeniambia unaogopa! Waliupasua moyo, mdomo hawakuugusa!"

Alilia, na alikuwa analia kwa hasira, glavu zikimzuia kujifuta. Mpira ulikuwa bado mkononi na kwa muda mfupi alifikiria kwa dhati kumwelekezea. Kisha akageuka, akafungua bomba, akaanza kuusuuza, maana mpira wa choo hauwezi kusubiri ndoa itengemae.

Hivyo ndivyo Janelle alivyowakuta aliposhuka kwenye gari la kukodi: mama na mpira, baba na mto, na hakuna anayemtazama mwenzake. Aliwabusu wote wawili. Alikuwa binti wa kwenda moja kwa moja kwenye jambo, kama mama yake.

"Baba, tulikubaliana. Nataka ukweli. Mama anaweza?"

Ardis aliendelea kukunja mpira. Hakumsaidia hata kwa jicho.

"Anaweza," Wendell alisema. Kisha akamwambia binti yake yote, ile vali, wiki saba, ndoo, mizunguko mitatu na ile mara ya tatu ya kurudi nyuma, bila kujipunguzia hata kidogo. "Alifaulu na mimi nikiwa nimemwekea mguu njiani," alimaliza.

Janelle aliwatazama kwa zamu. "Na Machi, mkirudi nyumbani, nani ataendesha?"

"Mama yako."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa kando yake," Wendell alisema, "na nikiogopa nitasema."

Ardis aliweka mpira kwenye sanduku lake, akabana kifuniko. Alivua glavu, akanawa mikono mara tatu kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko. Hasira ilikuwa bado ipo. Akachukua kiti kingine cha kukunja, akakiweka karibu na cha mumewe, akakaa.

"Haya," alimwambia. "Anza kusema."