Jasho la Bati

Jina la Lehemu hakupewa na wazazi wake. Alilipata kazini. Maisha yake yote alitengeneza matangi ya maji ya bati, na kila mshono aliuziba kwa lehemu mpaka tangi likawa kama yai. Watu walisema tangi la Mzee Lehemu likivuja, basi hata mwezi unavuja. Kichwa kilimvimba kidogo, na kwa nini kisivimbe? Mtu akiwa na kitu kimoja anachokijua, acha ajivunie.

Mkewe alipofariki, binti yao wa pekee alikuwa kazini nchi ya mbali. Safari ilimshinda, mama akazikwa yeye hayupo. Kwenye simu hakulia. Alisema tu, "Baba, nguo za mama zisifuliwe. Zisigawiwe. Niwekee hivyo hivyo na harufu yake, mpaka nije."

"Nitakuwekea, mama," baba mtu akajibu.

Kuziweka ndani ya nyumba kulimshinda. Mlango wa kabati ukilia kidogo tu, yeye huyo, anageuka akidhani ni mkewe. Ndipo akajenga banda nyuma ya nyumba, kando ya matuta ya nyanya. Kuta bati, paa bati, sakafu sementi. Mvua zilikuwa zinabisha hodi, kwa hiyo hakungoja sementi ikauke vizuri. Ilipoanza tu kukanyagika, akaingiza masanduku ya nguo, akayalaza chini, akayasukuma mpaka ukutani, akayafunika nailoni gubigubi.

Siku ya kulikagua alikuwapo shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu, muuza vitunguu. Hao wawili walitaniana tangu siku ya posa.

"Nifungie mlango!" Mzee Lehemu alimwambia, akaingia ndani. Ndivyo alivyokagua matangi: fundi anaingia, anafunikwa, anatafuta mwanga. Penye mwanga pana tundu, na penye tundu maji yanapita.

"Unaona nini huko, shemeji?"

"Sioni kitu! Giza tupu!"

"Basi kaa humo humo, na sisi tupumzike na kelele zako."

Alipotoka, uso umemchanua, shemeji mtu alikuwa anatazama pale paa linapokutana na ukuta. "Na hewa itapita wapi? Ungeacha upenyo huku na huku, uweke wavu panya wasiingie. Masanduku nayo uyainue juu ya matofali, yaachane na ukuta. Hata vitunguu vyangu naviacha vipigwe na upepo."

"Shemeji, tangi haliachwi dirisha."

"Hili si tangi."

"Wewe uza vitunguu. Bati niachie mimi."

"Haya, bwana fundi. Sikio la kufa halisikii dawa."

Mzee Lehemu alicheka, akapiga kufuli. Masika yote hakulifungua. Aliogopa harufu ya mkewe isije ikatoka ikaenda zake. Ila asubuhi alipokwenda kumwagilia nyanya, aliupiga ukuta wake kofi dogo, akauliza, "Umelala salama?" Kisha alitazama huku na huku, jirani asije akasema mzee kapata wazimu.

Binti alifika mvua zimekwisha, jua linawaka. Hakutaka maji, hakutaka kiti. Mizigo aliiacha mlangoni. "Ziko wapi, baba?"

Akamwongoza kwa maringo ya mtu aliyetunza amana. Mama mdogo akafuata nyuma. Kufuli lilikuwa limeshika kutu, na mlango ulitaka bega. Ulipoachia, uvundo mzito, wa baridi, uliwapiga usoni. Tone moja likamdondokea binti kwenye paji la uso.

"Baba, linavuja."

"Halivuji!" alisema kwa uchungu wa fundi aliyetukanwa. Akainua macho. Paa lote kwa ndani lilikuwa limejaa matone, kama uso wa mtu aliyebeba gunia. Nje, bati hilo hilo lilikuwa kavu kabisa. Alipapasa mshono hadi mshono akitafuta tundu. Hapakuwa na tundu.

Shemeji mtu hakutania. "Ni jasho," alisema taratibu. "Sementi mbichi imetoa maji yake, na ardhi nayo imetoa yake. Mchana yanapanda kwa joto. Usiku bati linapoa, yanageuka matone; chini ya nailoni nako ni hivyo hivyo, yanarudi kwenye masanduku. Hayana pa kutokea, shemeji. Umeyafungia ndani."

Heri angemcheka.

Binti alikuwa ameshafungua sanduku. Gauni la bluu la kutokea lilikuwa limeota madoa meusi. Kola zilikuwa na manyoya ya kuvu. Akatoa sweta, ile ambayo mama alishinda nayo siku zake za mwisho, akazika uso kwenye shingo ya nguo hiyo. Kisha kwapani. Kisha akageuza mfuko nje ndani, akanusa na huko, kama mtu aliyepoteza ufunguo na bado hajakubali.

"Hayumo," akasema. "Baba, mama hayumo."

Ndipo akalia. Kilio kile cha siku ya simu kilitoka chote, akiwa amepiga magoti kwenye sementi yenye maji. Mzee Lehemu alisimama mikono ikining'inia. Kila kilichopasuka maishani mwake alijua pa kuanzia kukiziba. Hapa hakujua hata pa kushika.

"Niliziba ili asitoke," alisema.

Mama mdogo alianza kubeba nguo nje. "Zifuliwe sasa hivi, zipigwe na jua, la sivyo kuvu itakula na kitambaa chenyewe."

"Tukizifua, ndiyo basi, mama mdogo."

"Ndiyo basi tayari, mwanangu."

Mzee Lehemu akachukua mkasi wa bati. Akapanda kwenye ngazi, akaanza kukata upenyo chini ya paa, upande huu, kisha upande wa pili, pale pale alipoonyeshwa. Ndani hakukuwa na kitu cha kutunza tena.

"Ndiyo unakata sasa, shemeji?" mama mdogo aliuliza. Hakuwa anamsimanga; aliuliza tu.

"Sasa," alisema, akaendelea kukata.

Chini, binti alifua mpaka maji meusi yakawa meupe, hanyanyui uso. Alipofika kwenye sweta, iliyokunywa maji ikawa nzito kama mtoto aliyelala, aliinuka nayo, akamtazama baba yake kwa mara ya kwanza tangu mlango ufunguliwe.

"Baba, shuka. Shika upande huo."

Akashuka, akashika mikono ya sweta. Wakaanza kukamua. Maji hayakutoka, nguo ilizunguka tu hewani. Kazi hii waliifanya mama na binti miaka yote, na yeye hakuwahi kuitwa.

"Siyo huko, baba," binti alisema, machozi yakimtiririka. "Mimi nikienda huku, wewe nenda kule."

Akageuza viganja. Sweta ikajikaza katikati yao, na maji yakaanza kumwagika miguuni.