Matone Tisa

Nitalisema mwenyewe, na Hamoud akitaka kusikia na asikie. Hapa Jomvu Kuu mimi Mahfoudha nimeosha maiti wa kike miaka ishirini na zaidi, na nilikuwa na maringo nayo, sifichi. Mwanamke akikata roho haitwi mwingine. Nikiingia chumbani, nikamtazama, nikisema amekwenda, basi amekwenda, watu washike majembe. Hakuna aliyewahi kunibishia, na hilo ndilo lililoniharibu.

Ruwaida alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu Hamoud. Aliachwa na mumewe, Awadh, akarudi kwa kaka yake, nasi tukaishi nyumba moja miaka kumi na mmoja. Huko kuachwa kwenyewe nitakueleza, usiniharakishe. Kupatana hatukupatana hata siku moja. Mimi nikifagia ua, yeye anafagia tena nyuma yangu, makusudi nimwone. Yeye akipika, mimi lazima niseme chumvi imezidi.

Ilikuwa mwaka wa 1943, vita na njaa pamoja, mahindi yenyewe kwa foleni. Siku hiyo akapita mchuuzi tusiyemjua na kikapu cha samaki, wamekwisha chunwa na kukatwa vichwa. Sasa, mtu wa pwani akiuziwa samaki asiye na ngozi wala kichwa huuliza kwa nini. Ruwaida hakuuliza. Nami nilikuwa kibarazani, namwona ananunua, na swali liko mdomoni, lakini tulikuwa hatusemezani tangu juzi yake. Akapika, akala peke yake.

Baada ya adhuhuri akanijia, midomo imemfa ganzi. "Tia ndimu," nikamwambia, wala sikuinua uso. Kidogo ulimi ukawa mzito, miguu ikakataa, akaanguka mlangoni. Hamoud akatuma mtu Changamwe na baiskeli akamwite Kefa, dresa wa zahanati. Lakini ilipofika alasiri Ruwaida alikuwa amelala kimya, macho nusu wazi, kifua hakipandi.

Nikachukua kioo changu dirishani, nikamwekea puani. Kikavu. "Inna lillahi," nikasema. "Amekwenda."

"Tumngoje dresa kidogo," Hamoud akasema.

"Dresa atamfufua? Mimi nimeosha wangapi mji huu? Au wataka dada yako alale juu ya ardhi mpaka kesho?"

Akawaita wenye majembe, maskini, maana akinijua nikiwaka. Wanaume wakaenda kuchimba, wapate kumzika kabla ya magharibi.

Tukamlaza kwenye kitanda cha kuoshea, nyuma ya nyumba, mashuka yamezungushwa. Bibi Mwanatabu, msaidizi wangu, nikamtuma kafuri na pamba. Nikabaki mimi na Ruwaida. Nina tabia moja, wallahi sijui niliitoa wapi: huzungumza na maiti wangu. Maiti hajibu, na sisi waosha tumekatazwa kutoa siri ya maiti, kwa hiyo nyuma ya mashuka yale kila kitu hubaki pale pale. Siku hiyo nikasema nisilopata kumwambia mtu.

"Ruwaida, nisamehe," nikamwambia, nammiminia maji begani. "Yule mwanamume niliyemwambia mama yake Awadh kwamba nimekuona naye mlango wa nyuma, alikuwa Ngumbao, mkwezi wa minazi. Alikuletea nazi tu. Nilijua. Nilimwona na nazi zake mkononi. Lakini juma lile ulikuwa umeniita mgumba mbele za watu, nikasema haya, na wewe ngoja upoteze kitu. Nipe radhi, wifi yangu."

Likanitoka vivi hivi, na moyo ukawa mwepesi. Kumwomba radhi mtu asiyeweza kukataa ni rahisi mno, nami nilikuwa nikiingoja siku kama hiyo, Mungu ananiona.

Kisha nikamgeuza shingo nimwoshe nyuma ya sikio. Nikaona mshipa. Mdogo, lakini unapiga. Nikaweka kidole, nikaona joto, na chini ya kidole ukapiga tena.

Kefa alikuwa amekwisha fika. Nilimsikia barazani, wamemwambia amechelewa, naye anawapa pole. Ukuta mmoja tu ulikuwa kati yetu. Kuita ni neno moja. Sikuita. Nimesimama, kata mkononi inadondosha maji kwenye karai, nawaza: kama yu hai, amesikia. Akiinuka atasema. Hamoud ataniacha kama Awadh alivyomwacha yeye, na mji mzima utajua kwa nini. Nikawaza na lingine, nalo nalitamka leo ingawa linanichoma ulimi: kaburi limekwisha chimbwa, nani atajua? Toba, ya Rabbi.

Ndipo nikapiga ukelele.

Kefa akaja mbio na mkoba wake. Wanaume wakasimama njiani: huyu si wetu, huyu ni mwanamume, ataingiaje kwa mwanamke anayeoshwa? Mimi ndimi niliyekuwa wa kwanza kupiga kelele kwa mambo hayo siku zote. "Mpisheni!" nikawaambia, namfunika Ruwaida shuka. "Yu hai! Nimekosea mimi!"

Kefa akamgusa shingo, akamfunua jicho. Akamfunga mkononi kitambaa cha kupimia damu, akakijaza upepo, akasikiliza. "Damu imeshuka sana, ila ipo," akasema. "Alikula nini?" Nilipomweleza ule samaki akaguna. "Bunju huyo, wanamchuna asijulikane." Akamlaza kifudifudi, uso upande, akapiga magoti, akamwekea viganja mbavuni. Akabana, akaachia. Akabana, akaachia. Alikuwa amefundishwa mambo hayo wakati ule wa vita, kwa ajili ya watu waliozama.

Hamoud akamuuliza mtu atakuwaje hai na hapumui. Kefa hakuacha kubana. "Kifua hakipandi chenyewe, bwana. Ubongo ndio unaokiamrisha, na amri inapita kwenye mishipa ya fahamu. Sumu ya bunju inaziba njia. Ubongo unaamrisha, amri haifiki. Hata mishipa ya damu hubanwa kwa amri kama hiyo, ndiyo maana yake imelegea na damu imeshuka. Moyo una mwendo wake wenyewe, huo haujasimama. Alikuwa na pumzi kidogo sana, jicho haliioni. Sasa tumpumulie sisi mpaka sumu itoke."

"Mbona kioo kilikuwa kikavu?" nikasema. Bado nilikuwa natafuta pa kujitetea.

"Kilikuwa wapi?"

"Dirishani. Juani."

"Kioo cha moto hakishiki ukungu, bibi."

Nikauliza swali nililokuwa nikiliogopa. "Na huo ubongo, unajua kinachotendeka?"

"Huenda uko macho kabisa. Anasikia kila neno. Zungumza naye, asiogope."

Sikuweza. Hamoud alimwambia dada yake maneno mazuri, akilia, nami nikasimama pale na kata yangu kama niliyekatwa ulimi.

Tulipokezana watatu, Kefa, Hamoud na mimi, saa sita nzima. Kila nilipombana mbavu pumzi ilimtoka na sauti ndogo, na kila nilipoachia iliingia. Karibu na usiku wa manane akakohoa. Kefa akakaa chini, akacheka.

Siku ya tatu Ruwaida akaanza kusema. Watu wakamiminika, na unajua walimsifu nani? Mimi! "Mahfoudha ana jicho! Bila yeye tungemzika hai!" Hamoud akaninunulia leso mpya, mwaka ule ambao nguo ilikuwa haipatikani. Nilijifunga leso ile mbele ya Ruwaida nikaona heri ningefungwa kamba. Yeye alinitazama tu. Nikangoja aseme. Kila mlango ukifunguliwa, najua leo ndiyo leo. Hasemi.

Siku ya saba nilimpelekea uji, tuko wawili tu.

"Wifi," akaniita.

"Abee."

"Yale maji yalikuwa yakidondoka kwenye karai. Sikuweza kufumba jicho wala kulia, nikawa nayahesabu. Uliponigusa shingo nikasema alhamdulillahi, ameniona, sasa ataita. Nikahesabu." Akapokea bakuli mkononi mwangu, maana nilikuwa naumwaga uji. "Matone tisa, Mahfoudha."

Nikapiga magoti. Nikafungua mdomo.

"Usiniombe radhi," akasema. "Ulikwisha niomba nilipokuwa sina ulimi wa kujibu. Usiniombe tena. Na usiogope, Hamoud hatajua. Wewe hutoi siri ya maiti, nami nilikuwa maiti wako. Ila nakupa wasia. Nikifa kweli, nataka unioshe wewe. Lakini kabla ya maji weka kidole hapa, uhesabu mpaka tisa."

Akanywa uji wote. Tukaishi miaka sita baada ya hapo, na hakunitupia neno baya hata moja. Hakufagia tena nyuma yangu. Ningalipenda anitukane, wallahi, ningalipumua. Radhi sikumwomba, naye hakunipa.

Juma lililopita homa ya kifua ikamchukua. Safari hii Kefa alikuwapo tangu mwanzo, yeye ndiye aliyesema amekwenda, si mimi. Tukamlaza kwenye kitanda kile kile, mashuka yale yale, na Mwanatabu akaenda kuleta kafuri. Nikaiweka kata chini, mbali. Nikamwekea kidole shingoni, baridi, nikahesabu mpaka tisa kama alivyousia. Kisha nikaanza tena moja. Mwanatabu aliporudi alinikuta hivyo, maji hata sijayagusa, akaniuliza nangoja nini. Nilikuwa sijamaliza kuhesabu.